Springi za Watu Watatu

JUMANNE, MCHANA

Chumba cha nyuma ya duka la betri kilikuwa na meza moja, viti vinne na wanaume watano. Aliyekosa kiti alikuwa Fundi. Hakulalamika. Mtu anayeshinda chali chini ya magari ya watu hawezi kununa kwa sababu ya kusimama.

Mjomba alikuwa anachora kwa chaki juu ya meza. Wote walimwita Mjomba, ingawa hakuna aliyewahi kumwona dada yake. Mtu mnene, sauti ya chini, kucha safi kama za bwana harusi. Alichora boksi kubwa. Huo ulikuwa mgodi. Akatia alama mbele, akatia nyingine nyuma.

"Geti kubwa," alisema. "Geti dogo. Ijumaa tunaingia kwa hili dogo, tumepakia mabomba kama wauzaji. Mlinzi atakuwa zamu."

Mlinzi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelinda mgodi ule tangu ndevu hazijamwota, na hajapandishwa cheo hata siku moja. Jambo hilo lilimkaa kooni.

"Dhahabu ya wiki inafungiwa kwenye sanduku la chuma," alisema. "Sanduku linafungwa mnyororo chumba cha mizani, linasubiri ndege. Walinzi wawili tu, na mmoja akikaa anasinzia."

"Uzito wa sanduku?" aliuliza Fundi.

"Kilo mia hivi. Mgongo wangu unalijua."

"Na kutoka?" aliuliza Bubu. Bubu hakuwa bubu. Alikuwa na maneno machache na bastola moja, na mara nyingi alivitoa vyote kwa pamoja.

Mjomba alichora mstari uliopindapinda nyuma ya boksi. "Barabara ni moja, na magari yao yapo pale pale getini. Ukitoka nayo umekwisha. Sisi tunatoka huku. Korongo. Limekauka, mawe matupu, mwisho wake ni barabara ya lami upande wa pili. Gari lao likiingia humo, tumbo linakalia jiwe la kwanza."

"Na letu?" aliuliza Stelingi.

"Ndiyo maana tuna kaka yako."

Wakamgeukia Fundi wote. Yeye alikuwa anaangalia nje kwa dirisha, kwenye pikapu iliyoegeshwa chini ya kamba ya nguo. Pikapu ya zamani, kiti kimoja kirefu mbele, bodi nyuma. Mwenyewe wa kwanza alibebea mboga.

"Tairi zile ni za kubebea nyanya," alisema. "Tunataka kubwa. Lakini kubwa hazikai hivi hivi. Ukikata kona zinakula madigadi. Lazima gari linyanyuliwe kwanza, mbele na nyuma."

"Nyanyua."

"Nanyanyua. Ila nahitaji kujua litabeba nini. Tunatoka wote watano?"

Mjomba alipangusa chaki vidoleni. "Wote watano," alisema.

Hapo yafaa kusema ukweli kuhusu Fundi. Hakuwa mwizi. Mwizi alikuwa mdogo wake, aliyejiita Stelingi kwa sababu alijiona stelingi wa sinema yake mwenyewe. Kijana mwembamba, mcheshi, akishika usukani hata mbuzi wanampisha. Alikuwa ameshaingia kundini kabla kaka yake hajajua, na waliojaribu kumtoa kwa maneno walichoka. Mama yao hakupiga kelele. Alimwita Fundi jikoni, akamwambia, "Kama haachi, basi nenda naye. Nirudishie." Fundi akaja. Dhahabu hakuifikiria hata mara moja. Alichotaka ni kurudi nyumbani na mtu mmoja, akiwa mzima.

JUMATANO, ASUBUHI

Duka la spea lilikuwa refu na jembamba, mali imening'inia mpaka darini. Mwenye duka waliyezoea kumwita Mama Spea alikuwa nyuma ya kaunta, akifuta grisi kwenye bearingi kwa kanga iliyochoka.

"Unanyanyua kiasi gani?" aliuliza.

"Inchi mbili na nusu. Natia tairi kubwa."

"Kwa vipande au kwa springi?"

Vipande vilikuwa pale, vitofali vya chuma vya kusukumiza kati ya ekseli na springi za nyuma. Bei rahisi, kazi ya dakika chache. Fundi alivigeuza mkononi, akavirudisha. Barabarani vinafaa. Kwenye mawe ekseli inajipinda juu yake, vinacheza, yubolti zinazozifunga zinalegea, na gari linaanza kutembea upandeupande kama mlevi.

"Springi," alisema. "Kwenye mawe sitaki kubahatisha."

"Kilo ngapi?"

"Za nini?"

"Mzigo, baba. Springi hazichaguliwi kwa sura, siyo mchumba." Alivuta seti mbili kutoka chini ya rafu, mabamba ya chuma yamepangwa moja juu ya jingine. "Hizi mwisho kilo mia tatu na nusu. Hizi mia tano. Ukitia ngumu halafu gari liwe jepesi, litawarukisha mpaka mteme meno. Ukitia laini ukazidisha mzigo, litakalia ekseli na huo unyanyuaji wako wote umekula hasara."

Hesabu yenyewe haikuhitaji kalamu. Sanduku mia. Watu watano, kila mmoja themanini kwa wastani, maana wembamba wa Stelingi ulifidiwa na kitambi cha Mjomba. Jumla mia tano. Fundi aliweka mkono juu ya seti ngumu. Lakini Mjomba alikuwa ameagiza chochote kisinunuliwe kabla hajapigiwa simu, basi akapiga.

"Ngumu hapana," alisema Mjomba. "Sanduku litarushwa, tulikose korongoni. Chukua laini."

"Mjomba, laini mwisho wake mia tatu na nusu. Tuko watano na sanduku."



"Mzigo wangu ni mia tatu na arobaini," alisema Mjomba. "Nimeshapiga hesabu. Wewe nunua."

Akakata.

Fundi alibaki ameshika simu sikioni. Mia tano toa mia tatu na arobaini. Mia na sitini. Watu wawili.

"Vipi, baba?" aliuliza Mama Spea. "Umefiwa?"

"Nipe laini," alisema Fundi. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. Akachukua na springi za mbele, shokapu ndefu nne, yubolti mpya za nyuma. Mama Spea akatupia juu ya kaunta mpira mweusi wenye vichwa vya shaba.

"Na mpira mrefu wa breki. Ukishanyanyua, ule wa zamani unakuwa mfupi. Tairi ya nyuma ikishuka shimoni tu, unakatika, na breki zote kwaheri. Nimeona watu wanazikwa kwa ajili ya kampira kama haka."

Fundi aliutia mfukoni.

Alirudi kwa miguu akisukuma kirikwama cha kukodi, na njia nzima alikuwa anahesabu watu. Gari litatoka na watatu. Mjomba hawezi kujiacha. Bubu ni mkono wake wa kulia, na anajua kuendesha. Mlinzi ndiye anayejua mnunuzi wa dhahabu, huyo wanamhitaji mpaka mwisho. Wanaobaki ni fundi na dereva. Ndugu wawili ambao mzigo ukishapanda hawana kazi tena.

Na isingekuwa mara ya kwanza. Kabla ya Stelingi kulikuwa na dereva mwingine, bwana mmoja mpole aliyependa kupiga mluzi. Kazi ya mwisho aliondoka nao, hakurudi nao. Mjomba alisema amehama. Siku ile Bubu ndiye aliyerudisha gari.

 Fundi aliegesha kirikwama kando ya njia, akakaa juu ya springi, akafunika uso kwa viganja vyenye grisi. Watu walimpita. Hakuna aliyemuuliza kitu.

ALHAMISI, ASUBUHI

Kazi ilifanyikia uani kwa Mjomba. Stelingi hakuwa akilala tena nyumbani. Mjomba alisema dereva mzuri anakaa karibu na gari lake, na Bubu alikaa karibu na dereva. Siku ile alikaa juu ya moja ya tairi kubwa mpya, bastola kiunoni, anakula karanga.

Ndugu wawili walilala chali chini ya pikapu kama walivyokuwa wakilala zamani kwenye gereji ya baba yao. Yubolti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, zikatolewa kwa nyundo na matusi. Springi za nyuma zikashuka. Mpya zikapanda. Stelingi alishikilia, Fundi akakaza.

Simu ya Bubu ililia. Aliinuka, akasogea mpaka kwenye kona ya ukuta.

"Nisikilize," alisema Fundi kwa haraka. "Springi hizi ni za watu watatu."

"Eti?"

"Mjomba kaniambia uzito. Watu watatu na sanduku. Wawili tunaachwa. Tunaachwa unajua vipi. Kama yule wa mluzi."

Stelingi aligeuza uso, akaangalia difu, lile tumbo la ekseli. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na afya.

"Kaka, wewe unahesabu mpaka matone ya mvua."

"Tuondoke leo. Sasa hivi. Tupite ukuta wa nyuma."

"Twende wapi? Nyumbani kwa mama Mjomba anapajua. Kwako anapajua." Alimpangusa kaka yake mchanga kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Niachie mimi. Itakuwa sawa."

"Haiwi sawa! Basi nifanyie hili moja. Sanduku likishapanda, wewe shuka. Mwache Bubu ashike usukani. Njoo kwangu mbio, tujifiche nyuma ya mabomba tutakayoyashusha. Wao waende zao. Umenielewa?"

"Sawa, kaka."

"Niapie."

"Nimesema sawa."

Alikubali upesi mno. Fundi aliliona hilo, na kwa sababu alikuwa anataka sana kuliamini, aliliamini.

Bubu alirudi. Akamwita Stelingi, Mjomba anamtaka ndani. Fundi akabaki peke yake chini ya gari, na mbele ya macho yake, pale juu ya ekseli, ulikuwa unaning'inia mpira wa breki wa zamani.

Gari lilikuwa la zamani. Breki zake zote nne zilikunywa chupa moja ya mafuta. Mpira ule ukikatika, mafuta yote yanamwagika, na anayekanyaga pedali anakanyaga hewa. Kwenye barabara tambarare mpira ungeshika, umekaza kama kamba ya nguo lakini mzima. Nyuma ya mgodi, hata hivyo, kabla ya korongo, Mlinzi alikuwa amesema kuna mtaro wa maji. Tairi za nyuma zingeshuka mtaroni, ekseli ingening'inia, mpira ungekatika. Hatua chache mbele ndipo mteremko unapoanza.

Alitoa mpira mrefu mfukoni, akautazama. Angewaacha tu waende, yeye na mdogo wake wakabaki wazima nyuma ya mabomba, mambo yasingeishia pale. Mjomba hapendi kuacha watu wanaoongea. Angerudi kwa mama yao siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Fundi alitaka wafe. Tusimpake rangi. Alilala pale chini, akaomba Mungu amsamehe, kisha akaurudisha mpira mrefu mfukoni. Kebo ya hendibreki nayo ilikuwa haifiki tena. Aliichomoa, akaifunga kwa waya isionekane.

Mchana tairi kubwa zikavalishwa. Pikapu ikasimama juu, imetunisha kifua. Mjomba alitoka, akaizunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Bubu aliinama, akachungulia chini kwa muda mrefu.

"Hiki," alisema, akigusa mpira. "Kimekaza."

Fundi aliokota spana zake chini. "Kikilegea kinaguswa na tairi," alisema.

Bubu alimtazama. Stelingi alikuwa ameshaingia ndani ya gari, anachezea gia, hakusikia. Waliizungusha pikapu mitaani mara mbili, kona kulia, kona kushoto. Tairi hazikugusa popote. Breki zilishika vizuri sana.

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Waliingia na ovaroli za bluu na mabomba bodini. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya kiwanja cha ndege. Mlinzi alifungua geti dogo, akaandika namba ya gari ya uongo, akawapungia mkono kwa uchovu wa kila siku.

Stelingi alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango wa chumba cha mizani. Fundi alishusha mabomba, akaruka kutoka bodini na grainda ya kukatia chuma. Aliinama kwenye dirisha la dereva.

"Likipanda, unashuka," alinong'ona.

"Fanya kazi, kaka."

Bubu aliingia kwanza. Walinzi wa ndani walikuwa wawili kama walivyoambiwa. Mmoja alikuwa anasinzia kweli. Aliamka akakuta mdomo wa bastola, akafumba macho tena kana kwamba kulala kungesaidia.

"Chini. Mikono nyuma."

Sanduku lilikuwa sakafuni, mnyororo umepita kwenye pete mbili za ukutani. Fundi alichomeka grainda kwenye umeme wao wenyewe. Cheche zikaruka. Pete ya kwanza ikaachia. Jiwe la grainda likawa linaruka juu ya chuma.

"Haraka," alisema Mjomba mlangoni.

Pete ya pili. Mnyororo ukaanguka. Bubu na Mjomba wakalisukuma sanduku kwenye kitoroli, wakatoka nalo. Fundi alisikia bodi ya pikapu ikilalamika lilipopanda, na springi zikikaa chini taratibu, vizuri kabisa, kama zilivyopimwa.

Hapo Mlinzi akaingia. Alitembea mpaka kwa wenzake waliolala chini, akalala kando yao, akaweka mikono mgongoni.

"Nifunge," alimwambia Fundi. Kisha, kwa sauti ya chini, "Usikaze sana."

Fundi alimtazama. "Wewe si unatoka na sisi?"

"Nitoke, nyie mkikamatwa na mimi nikamatwe? Mimi nimevamiwa kama hawa. Nabaki. Tumepatana na Mjomba tangu Jumanne jioni."

Grainda ilimtoka Fundi mkononi.

Mlinzi anabaki. Huyo ni mtu mmoja. Walioondolewa kwenye hesabu ya Mjomba walikuwa wawili. Garini wanabaki Mjomba, Bubu, na dereva.

Nje, injini iliunguruma.

SAA TATU NA NUSU

Alipotoka mlangoni pikapu ilikuwa imeshaondoka, inaelekea nyuma, kwenye uzio ambao Mlinzi alikuwa ameukata alfajiri. Mjomba mbele. Bubu bodini, amekumbatia sanduku. Kwenye usukani, kichwa chembamba.

Fundi alikimbia. Hakuwahi kukimbia hivyo maishani mwake, wala hakujua kuwa mtu mzima anaweza kulia huku anakimbia.

"Simama! Breki! Gari halina breki!"

Injini ilimeza maneno. Stelingi alimwona kwenye kioo. Alipunguza mwendo kidogo pale kwenye uzio, akatoa kichwa nje. Uso wake ulikuwa umejaa machozi na anacheka.

"Baki, kaka!" alipiga kelele. "Nenda kwa mama!"

"Usishuke korongoni! Mpira!"

"Nenda nyumbani!"

Alidhani kaka yake analilia kupakiwa. Basi akafanya kile ambacho ndugu anayempenda nduguye angefanya. Akakanyaga mafuta.

Waya wa uzio ulikwaruza bodi. Tairi za mbele zikavuka mtaro. Za nyuma zikashuka ndani yake, zikaning'inia, zikapanda. Fundi aliona michirizi myeusi ya mafuta juu ya mchanga.

Kisha taa nyekundu za nyuma zikawaka. Stelingi alikuwa amefika ukingoni na amekanyaga breki ili ateremke polepole, kama dereva mwenye akili. Taa ziliwaka. Gari halikupunguza. Taa zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka, na pikapu ikapotea chini ya ukingo huku zikiwaka.

Mlio wake ulikuwa mrefu. Mawe, vyuma, mawe. Halafu kimya, na vumbi likapanda.

Nyuma, ving'ora vya mgodi vilianza kulia. Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi kushoto, vichaka mpaka barabarani. Fundi alishuka korongoni kwa makalio na viganja.

Bubu alikuwa ametupwa mbali, shingo imegeuka vibaya. Mjomba alibaki kwenye kiti chake, kucha zake safi zimeshika kioo kilichopasuka, hapumui. Sanduku lilikuwa limesimama wima mchangani, halina hata mkwaruzo. Pikapu yenyewe ilikuwa imelala ubavu, tairi zile kubwa bado zinazunguka hewani.

Stelingi alikuwa nusu ndani, nusu nje. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa chini ya chuma.

"Kaka," alisema. "Umenifuata wa nini?"

"Nyamaza. Usiongee."

"Nilimwomba Mjomba Jumanne ile ile." Damu ilikuwa inamtoka puani na aliongea kama mtu mwenye mafua. "Nilimwambia nafanya kazi yote, ila kaka yangu umwache nyuma, akimbie. Mama abaki na mmoja. Hakutaka. Nikamwambia sehemu yangu achukue yote. Ndiyo akakubali."

Fundi alishika mkono wake. 

"Ulipoanza mambo ya springi, nilijua umeshtuka," alisema Stelingi. "Nikaogopa ukijua utaniganda. Wewe unavyoganda, kaka." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Breki zimenikataa. Nimekanyaga, nimekanyaga. Sijui nimekosea wapi."

"Hujakosea."

"Gia ya kwanza ningeiweka mapema..."

"Hujakosea kitu, mdogo wangu. Wewe hujakosea popote."

Stelingi aliitikia kwa macho, kama mwanafunzi aliyesahihishwa vizuri. Alibaki amemtazama kaka yake. Ilichukua muda Fundi kuelewa kwamba hamtazami tena.

Walinzi wa mgodi waliteremka na bunduki, watano au sita, mkuu wao mbele. Walimkuta mtu mwenye ovaroli amepiga magoti mchangani, mikono yake imelowa damu na mafuta ya breki.

"Mikono juu," alisema mkuu. "Wewe ni mwenzao?"

"Mimi ndiye fundi wa gari hili," alisema Fundi. Mfukoni mwake alitoa mpira mrefu, mpya kabisa, vichwa vya shaba vinang'aa, akauweka juu ya jiwe. "Huu ndio ulitakiwa ufungwe. Sikuufunga. Nilijua watakufa."

Mkuu aliutazama mpira. Alitazama maiti, kisha sanduku lililosimama zima mchangani. Uso wake ulilegea taratibu. Alishusha bunduki, akaweka mkono begani kwa Fundi.

"Basi wewe umetuokoa, ndugu yangu," alisema. "Umefanya kazi ya maana sana leo."

Fundi hakumsikia vizuri. Alikuwa amelala chali tena, anachungulia chini ya bodi, anatafuta mahali pazuri pa kunyanyulia.

"Nileteeni jeki," alisema. "Huyu hapa ni mdogo wangu, nampeleka kwa mama."